Baiskeli ya umeme ya mizigo: boksi mbele au keria ndefu nyuma? Naombeni ushauri

BintiPangani

Habari zenu wakuu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Utrecht, Uholanzi, mwaka wa sita sasa. Gari hatuna na hatuna mpango wa kununua. Mkubwa ana miaka minne na nusu, mdogo ana mwaka na miezi minane. Kila siku ya kazi namshusha mkubwa shule, mdogo kituo cha kulelea watoto, kisha naelekea kazini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 14. Jumamosi nakwenda Kanaalstraat, mtaa wa Lombok hapahapa Utrecht, kufuata mihogo, ndizi za kupika, unga na mchele wa kilo 20.

Mpaka leo natumia baiskeli ya kawaida yenye viti viwili vya watoto, kimoja kwenye usukani na kingine nyuma. Wiki iliyopita tulikuwa tunarudi jioni, mvua inapiga ubavuni, mdogo akasinzia kiti cha mbele. Kichwa kikawa kinalalia usukani. Nikamshika paji la uso kwa mkono wa kulia, wa kushoto ndio huohuo unaongoza na kukamata breki, hadi tukavuka daraja. Nilipofika nyumbani nikakaa chini na koti langu limelowa, sikuweza hata kuvua viatu. Siku hiyo nikasema basi.

Nimechuja nimebaki na mbili. Urban Arrow Family, yenye boksi mbele, watoto wanakaa humo na kufungwa mikanda. Na Tern GSD, fupi kama baiskeli ya kawaida, ila ina keria ndefu nyuma inayobeba viti viwili vya watoto. Zote zinapita euro 5,000 zikiwa mpya. Moyo wangu uko kwenye boksi, nataka kuwaona wanangu. Mume wangu anasema GSD. Nawasilisha.

Mchukuzi_Rotterdam

Dada, kabla ya yote, itakuwa inalala wapi? Ya boksi ina urefu wa mita 2.6 hivi na uzito wa kama kilo 50. Hupandishi ngazi hiyo. Na ukiiacha nje usiku, siku moja utaamka hukuti kitu.

BintiPangani

Tunakaa ghorofa ya tatu, lakini chini ya jengo kuna kistoo cha kila familia. Unaingia mlango mkubwa, unapita korido, unakata kulia. Nitapima.

FundiSpoki

Habari dada. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Den Haag, zote mbili zinapita mikononi mwangu.

Usihangaike na mota. Urban Arrow Family na GSD nyingi zinatumia ileile ya Bosch Cargo Line, torki (nguvu ya kuzungusha) Nm 85. Kisheria mota ni wati 250 na inaacha kukusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo hakuna itakayoiacha nyenzake.

Tofauti iko kwenye gia. Urban Arrow Family ina gia ya Enviolo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma na mkanda badala ya cheni. Gia hiyo haina vidato, unazungusha kishikio tu, na unaweza kuibadilisha hata ukiwa umesimama. Wewe una watoto na mchele, taa nyekundu inakukamata katikati ya mwinuko wa daraja. Ukiwa na cheni na gia za kuruka, kama lile toleo la GSD liitwalo S10, lazima uwe umeshusha gia kabla hujasimama. Ukisahau, unaanza kusukuma na gia nzito, goti linaumia na cheni inalia. Utazoea baada ya wiki mbili, ila ujue. GSD zipo pia za Enviolo na mkanda, zina bei zaidi. Mkanda hauhitaji mafuta na haukuchafui dera.

Uzito sasa. GSD toleo la pili inaruhusiwa kilo 200 jumla, baiskeli yenyewe ikiwemo. Tupige hesabu: baiskeli 33, wewe tuseme 70, watoto 18 na 12, viti na vyuma vyake 8, mchele 20. Jumla 161. Umo ndani na nafasi inabaki.

Breki ni za mafuta na diski, na kwa mizigo hii pedi zinaisha haraka, hasa majira ya mvua. Kila mwezi chungulia unene wake. Hapo ndipo naona wazazi wengi wanazembea, na hapo ndipo kuna roho za watoto.

MamaNuru_CPH

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Nipo Copenhagen, nina ya boksi mwaka wa nne.

Dada BintiPangani, ulichosema cha kuwaona watoto usikidharau wala usikubali mtu akidharau. Wangu wananisimulia njia nzima. Namuona akitaka kutapika kabla hajatapika. Mvua ikinyesha navuta turubai lenye madirisha, wanakaa humo wakavu, wakati mwingine wanalala wote wawili na shingo zao zimetulia. Kwa mtoto wa mwaka na nusu hiyo ni neema. Boksi lenyewe ni la povu gumu, si mbao, mtoto akigonga kichwa haumii sana.

Ila siku ya kwanza panda bila watoto. Gurudumu la mbele liko mbali, usukani unaliongoza kwa fimbo inayopita chini ya boksi. Ukiliangalia gurudumu, utayumba. Tazama mbele mbali, itanyooka yenyewe. Mimi nilizunguka uwanja wa shule Jumapili nzima nikiwa na mifuko miwili ya viazi boksini ndipo nikampakia mwanangu.

Wapo huku wenye zile za magurudumu matatu za Christiania, zilizoanza miaka ya 1980. Hizo hazikuangushi ukisimama, lakini kona ya mwendo kasi zinataka kuinua gurudumu moja. Kwako nisingeshauri.

Mgosi wa Tanga

Huku kwetu tunabeba na guta na keria, umeme hatuna bado, lakini mzigo ni mzigo. Mchele uweke chini kabisa, ubavuni, kilo kumi huku kumi huku. Usiufunge juu ya keria nyuma ya watoto. Mzigo wa juu ndio unaomwangusha mtu akisimama, akitembea hautaki hata kumjua.

BintiPangani

Asante kaka, nimekuelewa kabisa. Na je, chaji? Kistoo hakina soketi.

FundiSpoki

Betri inatoka kwa ufunguo, ya Wh 500 (saa-wati, kipimo cha umeme inaohifadhi) ina uzito wa kama kilo 3. Unapanda nayo ndani. Kwa mzigo wako kadiria Wh 10 hadi 15 kwa kilomita, kwa hiyo chaji moja ni kilomita 35 hadi 50, ukiendesha kwa msaada mkubwa na upepo wa huku ishike ya chini. Utachaji kila baada ya siku mbili, kama saa nne na nusu kwa chaja ya kawaida. Januari usiiache kistooni. Betri ya lithiamu iliyoganda usiichaji, iache ipate joto la ndani kwanza.

Mchukuzi_Rotterdam

Ukiamua kununua iliyotumika: namba ya fremu iangalie kwenye rejesta ya baiskeli zilizoibwa ya RDW, mamlaka ya usajili wa magari hapa Uholanzi. Funguo zote zikabidhiwe, za betri na za kufuli. Duka la Bosch linaweza kupima betri imebaki na uwezo kiasi gani. Na viungo vya fremu vikague kwa tochi. Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa hapa, NVWA, ilisimamisha uuzaji wa baiskeli za mizigo za kampuni moja kwa sababu fremu zilikuwa zinavunjika. Hizi zako mbili hazikuwemo, lakini somo lilituingia wote.

BintiPangani

Wakuu, nimerudi.

Mume wangu aliomba boksi la friji dukani, tukakata karatasi ngumu ya sentimita 260 kwa 70, tukaibeba mimi mbele yeye nyuma hadi chini. Mlango ilipita. Kwenye kona ya kulia ikakwama. Tukarudi nyuma, tukajaribu kuingia kinyumenyume, ikakwama palepale, ncha imegusa ukuta na mimi bado niko nje ya kona. Mkubwa wangu akauliza, "Mama, tutakata ukuta?" Nilisikitika, sitaficha.

Basi jana nimejaribu GSD, ya Enviolo, na watoto wote wawili na mchele kilo 20 pembeni kama alivyosema kaka wa Tanga. Mdogo nimemweka kiti cha karibu na mgongo wangu. Simuoni, lakini nilimsikia akiimba, na miguu yake niliihisi kiunoni. Nimeuliza kioo cha kwenye usukani, kipo. Vizuizi vya miguu isiguse gurudumu, vipo. Nikapanda daraja, nikasimama makusudi katikati, nikaanza tena. Ikaondoka. Tukirudi, inasimamishwa wima kwa mkia pembeni ya mashine ya kufulia ya jirani, na nafasi inabaki.

Swali langu moja: shingo ya mdogo akilala nyuma, mnafanyaje?

MamaNuru_CPH

Kiti kinachoegemea nyuma kidogo, na mto wa shingo wa safari, ule wa mduara. Uufunge na mkanda wa kiti usianguke njiani. Na kuna turubai la kufunika keria yote, usinunue baadaye, nunua sasa hivi kabla ya Oktoba.

Mchukuzi_Rotterdam

Kufuli lenye alama ya ubora ya ART, nyota mbili kwenda juu, bima nyingi hapa wanalidai, na risiti yake uitunze. Cheni ya kufuli ipitishe kwenye fremu na kwenye kitu kilichojengewa ardhini, hata ukiingia dukani dakika tatu. Betri toka nayo.

BintiPangani

Nimeandika yote. Jumanne naenda kulipa.