Kuhusu: Mtoto anayejua Kiswahili cha darasani tu

Assalaam alaikum ndugu zangu wa Tanga mlioko Uingereza,

Ninaomba ushauri. Binti yangu ana umri wa miaka 11, na kwa miaka miwili amehudhuria darasa la Kiswahili kila Jumamosi hapa Bristol. Anasoma vizuri, lakini tulipokwenda mtaa wetu wa Ngamiani, Tanga, mwezi wa Agosti alikaa siku nne mbele ya bibi yake akitikisa kichwa tu. Siku ya tano alianza kuzungumza. Tangu turudi, amenyamaza tena.

---

Wa alaikum salaam dada yangu. Kabla sijasema lolote, naomba unieleze: siku hiyo ya tano alikuwa akifanya nini, na alikuwa na nani?

---

Shikamoo kaka. Alikuwa barazani na binamu zake, wakisuka ukili, ule ukanda wa majani makavu (miyaa) unaoshonwa kuwa mkeka, wa bibi. Walimpa miyaa ashike ncha, wakawa wanamwambia "kaza", "legeza", "hapo umeruka". Jioni nilimsikia naye akimwambia mdogo wao, "Umeruka!"

---

Marahaba dada yangu. Basi jibu unalo mwenyewe. Pale barazani hakuna aliyekuwa akimpima Kiswahili chake. Ukili ulihitaji mikono, asipoelewa "legeza" kazi ingeharibika, na wale watoto walikwisha kumhesabu kuwa mwenzao.

Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewachunguza mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970, aliona kwamba mwanagenzi haanzi kwa kukata kitambaa. Huanza na kazi za mwisho, kama kutia vifungo na kupiga pindo, ambazo akikosea hasara yake ni ndogo, na wakati huo huo kila siku analiona vazi zima lililokamilika. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mjomba wangu, aliyejifunza ushonaji kwenye baraza moja ya Ngamiani. Alikuwa bado hajakata hata suruali moja, lakini watu wa mtaa walikwisha kumwita fundi kwa sababu alikaa pamoja na mafundi, naye alilibeba jina hilo kwa uangalifu mkubwa mpaka ufundi wenyewe ukamfikia.

Sasa fikiria upande wa pili. Hapo hapo Bristol mwanasaikolojia Henri Tajfel, mzaliwa wa Poland, aliwagawa wavulana wa shule katika makundi kwa sababu ndogo kabisa, kama vile ni mchoraji gani waliyempendelea, kisha akawataka wagawe fedha kwa wenzao bila kuwajua. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1970, yalionyesha kwamba waliwapendelea wa kundi lao, ingawa fungu lililogawanywa halikuwa lao wenyewe. Ikiwa sababu ndogo kama hiyo inatosha kumfunga mtoto na kundi, shule ambako binti yako anashinda siku tano kwa wiki inamfunga zaidi, na huko Kiswahili si alama ya ushirika wake na yeyote. Kwa hiyo ukimya wake usiuite kiburi. Na ninakusihi, mtu asimwite "Mzungu" hata kwa utani, maana jina hilo humtoa mlangoni mtoto ambaye sisi tunataka aingie.

Darasa la Jumamosi aendelee nalo, lakini halitoshi. Kosa kubwa ni letu wakubwa: katika shughuli zetu tunawaweka watoto chumba cha pili na simu, kisha tunashangaa kwamba hawatujui. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapika pilau ya watu 40. Mlete saa nne asubuhi, siyo wakati wa kula. Kuna mchele wa kuchambua na vitunguu vya kumenya, na watakuwapo wasichana wawili wa rika lake ambao wamezoea kazi hiyo. Wewe utakuwa nasi upande wa masufuria. Usikae karibu naye ukimtafsiria.