Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli: nimsubiri mwenzangu au kila mtu apande kwa mwendo wake?

Wakuu, habari. Mimi na shoga yangu tumejiandikisha msafara wa baiskeli wa mwezi ujao, Mombo kupanda Lushoto. Ni lami, kilomita kama 33, ila unapanda karibu mita 1,000. Yeye anatokea Tanga mjini, hajazoea milima. Tumeahidiana kumaliza pamoja. Tufanyeje?

*Jibu*
Dada, pandeni kila mmoja kwa pumzi yake. Mwaka jana nilimfuata rafiki yangu mwenye kasi, kilomita ya nane miguu ikagoma kabisa. Kutaneni Soni, mji mdogo ulio njiani, pale karibu na maporomoko ya maji. Kunyweni maji, kuleni ndizi, kisha malizieni pamoja. Ahadi haijavunjika.

*Jibu*
Naunga mkono. Gia nyepesi tangu mwanzo, msingoje mchoke. Na makona yale ni membamba, malori ya mboga yanashuka. Kaeni kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake, hata kama mna stori tamu.

*Jibu*
Kushuka ndiko kunakonitia hofu. Usibane breki mfululizo, rimu inapata moto. Bana, achia, bana tena. Kagueni vipande vya breki kabla ya kutoka nyumbani. Na koti jepesi, Lushoto kuna baridi.

*Muuliza swali*
Asanteni sana. Nimemsomea kwa simu, amefurahi mno kuhusu Soni. Jumamosi tunabadilisha breki zake.