Mjadala: Meza ya mchezo wa kuigiza wahusika iwe na wachezaji wangapi?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, naomba tujadili jambo linalowagawa wapenzi wa Dungeons & Dragons na michezo mingine ya kuigiza wahusika, ile inayochezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Mbali na msimamizi, ambaye husimulia hadithi na kuwaendesha maadui, wachezaji wawe wangapi? Msimamo wangu ni kwamba wanaokaa mezani wawe wanne, lakini walioandikishwa wawe watano.

Kwanza kuna suala la muda. Tuseme kikao ni cha saa 3, na nusu yake inakwenda kwa msimamizi, kwa kuwa ndiye anayeeleza mandhari, anayezungumza kwa niaba ya kila mwenye duka na kila mlinzi wa lango, na anayeamua matokeo. Dakika 90 zinazobaki zikigawanywa kwa wachezaji 3, kila mmoja anapata dakika 30. Wakiwa 6, anapata 15. Mapigano ndiyo yanayoiumbua zaidi meza kubwa. Katika kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014, mzunguko mmoja wa mapigano ni sekunde 6 tu za hadithi, lakini wachezaji sita, kila mmoja akipekua orodha ya uchawi wake, akiuliza umbali, akirusha dadu na kujumlisha, wanaweza kuzigeuza sekunde hizo kuwa nusu saa. Aliyemaliza zamu anachukua simu, na zamu ikimrudia anauliza, "Lile jitu bado li hai?", hapo msimamizi akalazimika kusimulia upya yale ambayo wenzake walikwisha kuyasikia.

Pili ni mahudhurio, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Chukulia kwamba kila mchezaji hufika katika vikao 4 kati ya 5, jambo ambalo kwa watu wazima wenye kazi na watoto si haba. Kundi la wanne linalotaka wote wawepo litacheza takriban asilimia 41 tu ya siku lilizopanga. Likikubali kucheza hata na watatu, asilimia 82. Waandikishe watano, na uwezekano wa kupata angalau watatu unafika asilimia 94, huku wastani wa watakaofika ukiwa wanne kamili. (Hesabu hii inachukulia kwamba udhuru wa mmoja haumhusu mwingine, mume na mke wanaocheza pamoja wataivuruga siku mtoto wao akipata homa.)

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hesabu zako nimezielewa, ila umeanza historia katikati. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, vijitabu vyake vilitaja wachezaji 4 hadi 50 katika kampeni moja, yaani hadithi moja inayoendelea kikao baada ya kikao, na msimamizi mmoja kwa wachezaji 20 hivi. Waliwezaje? Ilikuwa desturi kundi kuwa na msemaji mmoja, aliyekusanya maamuzi ya wenzake na kumweleza msimamizi, na mwingine akichora ramani, hivyo hapakuwa na haja ya kila mtu kuzungumza kwa zamu.

Zaidi ya hayo, unachukulia kwamba kila mchezaji anataka dakika zake sawa na za wengine. Wapo wanaokuja kusikiliza, kucheka na kurusha dadu mara mbili tatu, na meza ya watu watatu kwao ni kama usaili wa kazi. Na rafiki wa sita akibisha hodi, utamwambia nini? Kwamba nafasi zimejaa nyumbani kwako?

Mchangiaji wa pili

Mimi nauliza kinyume chake: kwa nini isiwe mmoja au wawili? Seti ya Dungeons & Dragons ya wanaoanza iliyotolewa mwaka 2019 ilikuwa na kanuni za msaidizi anayeandamana na mchezaji aliye peke yake. Na katika Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha uliopo tangu 1981, hofu hupungua kila kiti kinapoongezwa, kwa sababu kwenye umati hapakosi mtu wa kutania.

Mleta mada

Kuhusu michezo ya kutisha sina ubishi. Wawili au watatu wanatosha. Kuhusu msemaji, ndugu yangu, utaratibu ule unafaa pale swali linapokuwa "tupite kushoto au kulia?", lakini wengi leo wanataka wahusika wenye madeni, ndugu waliopotea na visasi, na kisasi hakisemwi kupitia mjumbe. Hata kanuni zenyewe zinaelemewa na wingi: joka mmoja akishambuliwa na sita, anapigwa mara sita kabla ya zamu yake kurudi. Ndiyo maana toleo la 2014 liliwapa maadui wakubwa uwezo wa kutenda kati ya zamu za wachezaji. Dawa hiyo inasaidia, ila inarefusha mzunguko uleule tunaoulalamikia.

Wasikilizaji wakimya nawakubali, na rafiki wa sita simfukuzi. Wakifika saba, hata hivyo, meza igawanywe, na hapo ndipo tunapokwama, kwa sababu viti vinapatikana ila msimamizi wa pili hapatikani. Nadhani meza nyingi za watu wanane hazikuundwa kwa kupenda wingi, bali kwa kuwa mtu mmoja tu ndiye aliyekubali kusoma kanuni zote na kuandaa hadithi. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kumshawishi mchezaji wao wa tano kusimamia walau kikao kimoja: mlimpa hadithi iliyokwisha kuandikwa, au mlimwachia atunge mwenyewe?