MREJESHO: Yule niliyeuliza msaada wa chakula, kodi na umeme hapa Kigoma

Habari zenu wapendwa, mimi ndo yule wa Gungu niliyeuliza pa kupata msaada wa haraka, baba watoto kalazwa, unga umeisha, kodi ya pango imepitiliza na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inasoma sifuri. Asanteni mno mlionielekeza. Nilianzia kwa balozi, akanipeleka kwa mtendaji wa mtaa nikapewa barua ya utambulisho, hiyo barua itunzeni sana maana kila mlango wanaiulizia, nikaenda nayo kwa afisa ustawi wa jamii, yule mama akanisikiliza mpaka mwisho akaniandikia barua ya msamaha wa gharama za matibabu, jamani nililia palepale. TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nimeambiwa kaya zinaibuliwa kwenye mkutano wa mtaa, sio hela ya leo kwa leo. Chakula kimetoka msikitini, unga wa muhogo na dagaa, wala hawakuniuliza dini. Mwenye nyumba kakubali nilipe kidogo kidogo, tumeandikishana kwa mtendaji, na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 kakubali ni yake, tunaitoa kwenye pango. Umeme jirani kaninunulia. Baba watoto karuhusiwa jana, anakula vizuri.