Mdogo wangu kapelekwa Kuwait na jeshi, watoto wako kwangu, HR (ofisi ya wafanyakazi kazini) wamenikatalia ruhusa

MamaWawili: Habarini ndugu zangu. Niko Texas, nafanya kazi nyumba ya kutunzia wazee, mwaka wa nne huu, zamu kamili. Mdogo wangu ni mwanajeshi wa Marekani na analea peke yake. Wiki mbili zilizopita kapelekwa Kuwait, miezi tisa. Kaniachia wanawe, wa miaka 6 na 3. Huyu mdogo usiku anamwita mama yake mpaka sauti inakauka. Niliomba siku chache nimwandikishe mkubwa shule na mdogo nimtafutie pa kushinda. HR wamesema sheria haimtambui dada. Nifanyeje?

Mtumishi_72: Pole sana. Kwa dada kweli wako sahihi. FMLA, ile sheria ya Marekani ya 1993 ya likizo ya familia na ugonjwa, inatoa likizo ya hadi wiki 12 kwa mwaka bila mshahara, kazi na bima vikilindwa, mwanajeshi aliyepelekwa nje akiwa mume, mke, mzazi au mtoto wako. Mwajiri awe na watu 50 ndani ya maili 75, na wewe uwe na miezi 12 kazini na saa 1,250 katika miezi 12 iliyopita. Lakini nikuulize: huyo mdogo wako nani alimlea?

MamaWawili: Mimi. Mama alifariki yeye ana miaka 9, mimi 22. Nimemsomesha, nimekuja naye huku, kaenda jeshini akitokea kwangu.

Mtumishi_72: Basi dada, usirudi HR kama dada. Rudi kama mlezi. Aliyemlea mtu utotoni akikaa nafasi ya mzazi, sheria inamhesabu mwanajeshi huyo kuwa mtoto wake, hata bila karatasi ya mahakama, na hata akiwa mtu mzima. Andika maelezo mafupi ya jinsi ulivyomlea, jaza fomu WH-384 (ya kuthibitisha kuwa likizo inatokana na mwanajeshi kupelekwa nje), ambatanisha nakala ya amri ya jeshi. Kuandikisha shule, kuonana na walimu, kutafuta malezi, vyote vimo. Kushinda nao kila siku hakumo, isipokuwa dharura ya ghafla. Na si lazima uchukue kwa mkupuo, hata saa chache zinakubalika. Wakikataa tena, Wizara ya Kazi inapokea malalamiko bure.

MkeWaMjeda: Naongeza moja, maana lilinikuta. Hakikisha kakuachia hati ya uwakala, ya kukuruhusu kuamua mambo ya watoto kwa niaba yake. Mimi nilikaa na mtoto wa shemeji ana homa, mapokezi ya hospitali wananiuliza karatasi. Pia jeshi humtaka mzazi anayelea peke yake aandike mpango wa malezi kabla ya kuondoka. Omba nakala. Na mmoja wao akiugua sana, FMLA ya kawaida, ile ya kuuguza mtoto, inakuhusu, kwa kuwa sasa hivi wewe ndiye uliye nafasi ya mzazi wao.

MamaWawili: Huo mpango nilisaini mwenyewe, jina langu limo! Hati ya uwakala sina, namwandikia usiku huu. Kesho nina zamu ya asubuhi, nikitoka saa tisa napitia HR na barua.

MkeWaMjeda: Baki na nakala ya kila unachowapa. Na huyo wa miaka 3, mrekodi mama yake sauti ya kumlaza. Wangu ilimtuliza.