Wabunge, ushuru wa gesi na sola mtauchezea hadi lini?

Wadau, nimekasirika na leo siwezi kunyamaza.

Nanunua tokeni za stima kama kila mtu hapa Umoja, Nairobi. Ujumbe ukiingia kwa simu huwa nausoma hadi mwisho, na naomba nanyi muusome. Kando na bei ya yuniti zenyewe kuna gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya EPRA (mamlaka inayosimamia kawi), tozo ya maji, asilimia 5 ya kusambaza stima mashinani, halafu VAT asilimia 16. Hiyo ya mafuta ndiyo inanichoma roho. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatokana na jotoardhi, mabwawa, upepo na jua. Mbona basi nalipia mafuta yanayoletwa na meli kutoka ng'ambo?

Jibu ni hili. Jioni watu wakirudi nyumbani na kuwasha kila kitu, mitambo ya mafuta kama ile ya Kipevu, Mombasa, huwashwa kuziba pengo. Usiku wa manane, tukiwa tumelala, mitambo ya jotoardhi ya Olkaria huachilia mvuke upotelee hewani kwa sababu hakuna anayeutumia. Hatujajenga betri kubwa za kuhifadhi umeme, na laini za kuusafirisha hazitoshi. Mnakumbuka Loiyangalani, kule Ziwa Turkana? Mitambo 365 ya upepo ilisimama tayari 2017, ikakaa zaidi ya mwaka ikisubiri laini ya kufikisha umeme kituo cha Suswa. Laini ilikamilika Septemba 2018, na faini ya kuchelewa ikaangukia Serikali, yaani mimi na wewe.

Lakini hasira yangu kubwa ni ya Bunge na huu mchezo wa ushuru. Mwaka 2020 waliweka VAT kwa vifaa vya sola, 2021 wakaiondoa. Julai 2021 gesi ya kupikia ikapigwa asilimia 16, mtungi wa kilo 13 ukapita shilingi 3,000. Mwaka 2022 wakashusha hadi asilimia 8. Mwaka 2023 wakaiondoa yote. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha, ule wa ushuru unaoletwa kila mwaka, ukaja tena na pendekezo la kutoza VAT mabasi ya umeme na betri za sola, na lilianguka tu kwa sababu vijana waliingia barabarani na mswada mzima ukaondolewa. Vijana walikufa Juni ile! Nani atakopa pesa anunue basi la umeme au afunge sola juu ya ploti yake, wakati hajui Mswada wa Fedha wa Juni ijayo utaleta nini?

Chini ya jengo letu kuna mama anayeuza githeri na maharagwe. Ana mtungi wa kilo 6, lakini umekaa nyuma ya gunia la makaa tangu bei ilipopanda. Anapikia majiko mawili ya makaa kuanzia alfajiri. Moshi unapanda na ngazi, ukuta wa korido umekuwa mweusi hadi ghorofa ya pili, na mtoto wake wa mwisho hulala pale pale kando ya jiko, akikohoa. Bei ilishuka baadaye, ndiyo, lakini hajarudi kwa gesi. Aliniambia haamini kwamba itabaki hapo, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Agosti 25, 2023 nchi nzima ilikaa gizani, uwanja wa ndege wa JKIA ukiwemo. Siku chache baadaye marais walikaa jumba la KICC, Nairobi, kwa mkutano wa tabianchi wa Afrika, wakasifu Kenya. Serikali imeahidi umeme safi asilimia 100 ifikapo 2030. Ahadi hiyo haiwezi kutimia Bunge likiendelea hivi.

Najua kuna atakayesema Serikali inahitaji mapato. Sawa, lakini hesabu basi na dola zinazotoka kununua mafuta, na pesa za kutibu vifua vya watoto kama yule.

Ninachotaka ni sheria ya kivyake, nje ya Mswada wa Fedha, inayoondoa ushuru kwa gesi ya kupikia, majiko safi, sola, betri na magari ya abiria ya umeme kwa miaka kumi. Mbunge akitaka kuibadilisha, alete hoja hiyo peke yake mchana kweupe, asiifiche kati ya vipengele mia. Na bajeti itenge pesa za laini na za kuhifadhi umeme kabla ya kununua megawati zingine.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila Mkenya haki ya kupeleka ombi Bungeni. Rasimu ya kwanza nitaiandika wikendi hii. Mawakili mlio humu, naomba msaada wa lugha ya kisheria. Nyinyi wengine, kila mtu amtafute mbunge wake amuulize swali moja: sheria hii utaipigia kura ya ndiyo au la? Leteni majibu hapa, na jina la mheshimiwa na eneo bunge lake.