Mjadala: Watoto wa chesi wafundishwe kujiuliza maswali, au wapewe mafumbo tu?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nafundisha chesi kila Jumamosi, watoto wa miaka 9 hadi 14, na sisi walimu tumegawanyika. Mwenzangu anataka saa zote mbili ziende kwenye mafumbo, yaani ubao uliokwisha kupangwa na mtoto atafute hatua ya ushindi. Mimi nimebandika ukutani maswali matatu anayofundisha Jacob Aagaard, bingwa mkuu kutoka Denmark: Udhaifu uko wapi? Kete ipi imekaa vibaya kuliko zote? Mpinzani anataka nini? Mtoto asiguse kete kabla hajayajibu. Naamini bila hayo mtoto hapangi, anasukuma kete tu. Mnasemaje?

Mchangiaji wa 1
Mkuu, napinga. Miaka ya 1940 mwanasaikolojia Mholanzi Adriaan de Groot aliwachunguza mabingwa, akakuta hawahesabu mbali sana kuwazidi wachezaji wazuri wa kawaida. Wao wanaiona hatua nzuri mapema. Mwaka 1973 watafiti Chase na Simon wakawaonyesha watu ubao kwa sekunde 5. Bingwa alikumbuka kete nyingi kuliko wenzake, ila zilipopangwa ovyo, ubora wake karibu wote ukapotea. Jicho la bingwa limejaa sura za michezo aliyokwisha kuiona, na jicho halijai kwa karatasi ya ukutani. Wape mafumbo, tena mengi.

Mchangiaji wa 2
Naongezea suala la saa. Binti yangu alicheza mchezo wa dakika 10 kila mmoja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimwona anahesabu kwa vidole: udhaifu, kete mbaya, mpinzani. Kila hatua, vidole vitatu. Alikuwa anaongoza kwa ngome nzima, muda ukamwishia. Alilia njia nzima hadi nyumbani.

Mleta mada
Mpe pole binti, hilo limenigusa na nitalirudia. Ila mchangiaji wa 1, chukua ubao. Ufunguzi uitwao Ulinzi wa Kifaransa (herufi na namba ni jina la mraba, mweupe anaanza): e4 e6, d4 d5, e5 c5, c3. Farasi mweusi c6, farasi mweupe f3, malkia mweusi b6, askofu mweupe d3, kisha askari wakabadilishana pale d4. Askari mweupe wa d4 sasa anashambuliwa na wawili, farasi na malkia, na analindwa na farasi mmoja. Kijana wangu mwepesi kuliko wote wa mafumbo alimla palepale kwa farasi. Farasi akaliwa na farasi, malkia akatua d4. Askofu mweupe akahamia b5, cheki, yaani mfalme anashambuliwa na lazima aokolewe kwanza! Njia ya malkia mweupe wa d1 ikafunguka, na malkia mweusi akaliwa hivihivi.

Angejiuliza kwanza: huyu kaniachia askari kwa nini? Kete iliyolala ni askofu wa c8, amezibwa na askari wake mwenyewe wa e6. Udhaifu ni d4. Mpinzani anaisubiri cheki ya b5. Majibu yote matatu yanakupeleka hatua moja: askofu d7. Ameamka, cheki imezibwa, na sasa tishio la kumla askari ni la kweli.

Mchangiaji wa 1
Huo ni mtego wa zamani, mkuu. Aliyeuona mara tatu kwenye mafumbo hahitaji swali lolote.

Mleta mada
Na asiyeuona? Fumbo likiwekwa mezani, mtoto tayari anajua kuna kitu cha kupata. Kwenye mchezo hakuna wa kumgusa bega amwambie “hapa tulia.” Tena mara nyingi hakuna cha kula wala mati (kumnasa mfalme), kuna kete tu zinazotaka pa kwenda. Hapo mafumbo yako hayamsaidii.

Mchangiaji wa 3
Wakuu, mbona jibu la saa lipo? Botvinnik, bingwa wa zamani wa dunia, alisema saa ya mpinzani ikitembea, yeye huwaza mambo ya jumla. Yake ikitembea, anahesabu hatua. Udhaifu na kete mbaya ni maswali ya wakati mwenzako anawaza. Kwenye muda wako bakiza moja: anataka nini?

Mleta mada
Hili nalichukua. Jumamosi nabandua karatasi, nabakiza swali hilo moja kwa walio chini ya miaka 11. Wakubwa watajiuliza yale mawili mengine wakiwa wanasubiri zamu. Mafumbo yapewe saa nzima ya kwanza, hapo mwenzangu ana haki yake. Mchangiaji wa 2, kama mko karibu mlete binti, nataka kumwona akicheza bila kuhesabu vidole.